Kusoma Mkanda wa Video kwa Kioo cha Leo: Nakala Tatu za Mkanda Mmoja wa Ijumbi

Mkanda unaohakikiwa hapa ulirekodiwa mwaka 1997 katika kata ya Ijumbi, wilaya ya Muleba, siku ya arusi. Ni mkanda wa VHS wa kawaida, wa dakika 180, na sehemu kubwa ya yaliyomo ni mambo ambayo mtu yeyote aliyehudhuria arusi ya Kihaya atayakumbuka bila kuonyeshwa: gari lililopambwa, akina mama na vikapu vyao, hotuba za wazee zisizo na haraka. Illa katikati ya mambo hayo, kwa muda wa dakika 19, mzee mmoja ameketi kando ya mlango, enanga iko mapajani mwake, anapiga na kughani. Mzee huyo amekwisha kufariki, na jamaa zake hawana rekodi yake nyingine. Kwa ajili ya dakika hizo 19, mkanda uliokusudiwa kuwa ukumbusho wa bibi na bwana arusi umekuwa hati ya fasihi simulizi, na hati yapasa kuhakikiwa kama hati.

Nimepata kuzitazama nakala tatu za mkanda huo, zote zikiwa faili za kompyuta, kisha nikautazama mkanda wenyewe kwa deki na televisheni ya chogo. Nakala hizo hazilingani. Katika nakala ya kwanza, nitakayoiita A, mzee ni mnene, mfupi, na vidole vyake vyaruka kama vya mtu anayetetemeka. Katika ya pili, B, ana uso laini kama wa kijana na meno ambayo hakuwa nayo. Katika ya tatu, C, twamwona kama alivyokuwa, ijapokuwa kwa ukungu kidogo. Mkanda ni ule ule mmoja. Basi tofauti yatoka wapi?

Waliopata kuhariri tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu wanaijua taabu hii. Hati hizo hazitofautishi sawasawa *e* na *i*, wala *o* na *u*, na aghalabu mwandishi aliandika *b* mahali pa kusoma *mb*. Mwenye kuzigeuza kwa herufi za Kirumi hana budi kuchagua kila neno lisomweje, na kila achaguapo, ameingia ndani ya shairi. Mhariri mwaminifu huonyesha alipochagua. Mhariri mvivu hunyamaza, na msomaji hudhani ya kuwa aliyoyasoma ndiyo aliyoyaandika mtunzi. Nadai kwamba televisheni bapa ya leo, pamoja na vile vifaa vidogo vya kuhamishia mikanda, ni wahariri wa namna hiyo ya pili: huchagua mamia ya mara kwa kila dakika, wala hawatii sahihi chini ya kazi yao.

Ili dai hilo lieleweke, yafaa kwanza tuangalie mkanda umeandikwa kwa utaratibu gani. VHS ilitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Hapa kwetu Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi tangu mwanzo, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hata mwaka 1994. Walakini deki zilivitangulia vituo: baada ya masharti ya biashara kulegezwa mwaka 1984, watu wa Bara walinunua televisheni za kutazamia mikanda tu, pasipo kuwako matangazo ya kutazama. Mfumo tulioufuata ni PAL, wenye mistari 625 kwa kila picha, ambayo 576 tu ndiyo inayobeba picha yenyewe, na picha kamili 25 kwa kila sekunde.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba picha hiyo kamili haiandikwi kwa mkupuo mmoja. Huandikwa nusu nusu: kwanza mistari ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea, kisha mistari ya shufwa. Ndani ya deki mna pipa dogo lenye vichwa viwili, nalo huzunguka mara 25 kwa sekunde. Kila kichwa huandika nusu moja. Kati ya nusu na nusu hupita sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na katika muda huo kidole cha mpiga enanga kimekwisha kusogea. Kwa hiyo mkanda hauna picha 25 za mwendo kwa sekunde, bali una 50, kila moja ikiwa na nusu ya mistari. Televisheni ya chogo ilizichora nusu hizo moja baada ya nyingine, kama zilivyoandikwa, na jicho la mtazamaji likaziunga. Televisheni bapa haiwezi kufanya hivyo. Yenyewe huwasha kioo chote kwa pamoja, kwa hiyo ni lazima kwanza itunge picha kamili kutokana na nusu mbili ambazo hazikupigwa kwa wakati mmoja. Namna inavyozitunga ndipo wema na ubaya wote unapoanzia.

Sasa tuitazame nakala A. Ilitengenezwa na studio moja ambayo sina haja ya kuitaja, kwa kifaa kidogo cha bei rahisi kinachopokea waya wa manjano upande mmoja na kutoa HDMI upande wa pili. Kosa lake la kwanza laonekana hata kwa mtoto. Picha ya mwaka 1997 ina uwiano wa 4 kwa 3. Kioo cha leo ni 16 kwa 9. Na kifaa kimeivuta picha kwenda upande hadi ikajaza kioo. Kila kitu kimeongezeka upana kwa theluthi moja. Duara la ngoma limekuwa yai. Watu husema ni jambo dogo, jicho huzoea. Kwa mtazamaji wa arusi pengine ni dogo, lakini kwa mwanaisimu si dogo hata kidogo. Msimulizi wa Kihaya husema pia kwa mikono: huonyesha aliyeko karibu na aliyeko mbali, hupima urefu wa mtu, huelekeza njia ya shujaa. Mkono ulioinuliwa kwa digrii 45, picha ikivutwa hivyo, huonekana umeshuka hadi kama digrii 37. Mwanafunzi atakayechunguza uhusiano wa vionyeshi na ishara za mikono kwa kutumia nakala A atapima kwa uangalifu, ataandika jedwali zuri, na kila tarakimu iliyomo itakuwa ya uongo.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani upesi. Kifaa kimetupa nusu moja ya kila picha. Kimebakiza mistari 288, kikairudufu ili kujaza nafasi, na mwendo umebaki wa picha 25 badala ya 50. Ndiyo maana vidole vyaruka. Enanga hupigwa kwa haraka. Mara kadhaa kidole kimegusa uzi na kuuacha katika ile nusu iliyotupwa, hata sauti yasikika na mguso wenyewe hauonekani. Anayetaka kujua kila silabi imeangukia wapi katika mapigo hana msaada hapa. Nalo si swali la anasa. Katika Kihaya urefu wa irabu hutofautisha maana, na toni kadhalika. Namna mghani anavyolifupisha au kulirefusha neno ili lifuate uzi ni sehemu ya sarufi ya utenzi wake. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 juu ya tenzi za nanga za Wahaya, alikwisha kutuonyesha ya kuwa utenzi huo hauwezi kutengwa na chombo chake. Kumbe nakala A imevitenga, huku ikidhaniwa kuwa imeuhifadhi utenzi.

Pengine badala ya kutupa nusu moja, vifaa vingine hubandika zote mbili juu ya kioo kwa mara moja. Hapo kila kitu kinachosogea huota meno ya kitana pembeni. Studio nyingi huyaona meno hayo na kusema, "mkanda umechakaa." Mkanda haukuchakaa, umesomwa vibaya. Kwa hakika, katika mikanda niliyoiona Muleba na Bukoba, lawama iliyotupiwa mkanda mara nyingi ilistahili kutupiwa waya, kifaa au kioo.

Liko kosa la tatu, na hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Katika video ya kidijiti iliyofuata desturi ya televisheni, weusi kamili huandikwa kwa namba 16 na weupe kamili kwa 235. Kompyuta, kwa upande wake, hudhani weusi ni 0 na weupe ni 255. Mmoja akiandika kwa hesabu hii na mwingine akasoma kwa ile, picha ama hufifia kama kitenge kilichofuliwa miaka mingi, ama hukolea hata vivuli vyote vikamezwa. Nakala A imekumbwa na ubaya wa pili. Sasa mzee wetu ameketi kando ya mlango, nusu juani na nusu kivulini, naye ni mtu mweusi aliyevaa koti la rangi nzito. Nusu ya uso wake iliyo kivulini imetoweka kabisa. Katika mkanda wenyewe uso huo upo. Macho yake yaonekana, na midomo yaonekana. Mpiga picha wa mwaka 1997 alijitahidi kufungua lenzi ili tumwone, na kosa la hesabu la miaka ishirini baadaye limemfunika.

Nakala B sitaichelewea. Ilitengenezwa na jamaa mmoja aliye ng'ambo kwa programu ya akili mnemba inayokuza picha ndogo kuwa kubwa. Nia yake ilikuwa njema, na wengi wa ukoo wameipenda kuliko nyingine. VHS haina maelezo mengi: kwa upana wa picha haiwezi kutenganisha zaidi ya mistari kama 240, na rangi zake ni hafifu zaidi, hata wekundu wa kanga humwagika nje ya kanga yenyewe. Programu ya namna hii haiwezi kupata maelezo ambayo hayakurekodiwa. Hubuni yanayofanana na nyuso nyingine ilizofundishwa. Ndiyo meno mapya, na ndiyo ngozi isiyo na kunyanzi. Midomo imechorwa upya, na mara mbili nimeiona ikifumba mahali ambapo sikio lasikia irabu. Mwenye kuhariri utenzi akikuta beti lililoliwa na mchwa, akalijaza kwa maneno yake mwenyewe pasipo kusema, twamwita mghushi. Sioni sababu ya kuiita nakala B kwa jina jingine, ijapokuwa sina ubishi na anayetaka kuitundika sebuleni.

Tufike kwenye nakala C. Hii ilisomwa kwa deki iliyohudumiwa vizuri, vichwa vikiwa vimesafishwa, kwa waya wa S-Video unaozitenga sehemu ya mwanga na sehemu ya rangi kama zinavyotengwa ndani ya mkanda, badala ya kuzichanganya na kuzitenganisha upya kama ufanyavyo waya wa manjano. Kati ya deki na kompyuta kulikuwa na chombo cha kusahihisha wakati, kwa maana mkanda wa zamani haupiti kwa mwendo mmoja daima, na kila mstari huanza kabla au baada ya mahali pake, hata nguzo ya nyumba ikaonekana inapinda. Picha iliandikwa kwa ukubwa wa 720 kwa 576, nusu zote mbili zikibaki jinsi zilivyo, kwa mtindo wa FFV1 ambao hubana faili bila kupoteza chochote. Hiyo ndiyo hati. Kutokana nayo ilitengenezwa nakala ya pili ya kutazamia: kila nusu imekamilishwa kwa kuangalia nusu iliyotangulia na inayofuata, ili mwendo ubaki 50 kwa sekunde, kisha ikakuzwa hadi 1440 kwa 1080, na pande mbili za kioo zikaachwa nyeusi.

Nakala C ina faida moja ambayo hata televisheni ya chogo haikuwa nayo. Televisheni hizo zilificha kingo za picha nyuma ya fremu yake. Katika C kingo zote zimo. Chini kabisa kuna ufito unaometameta, ambao wenye mkanda waliposhtukia walidhani ni uharibifu; ni mahali kichwa kimoja cha deki kinapompokeza mwenzake, nao umekuwapo tangu mwaka 1997. Lakini kwenye ukingo wa kushoto kuna nusu ya uso wa mtu mwingine. Ni mwanamume wa makamo, ameketi karibu na mzee, na midomo yake yacheza kila mzee apumzikapo. Tazama tena na sauti: kiitikio ambacho katika nakala A na kwenye chogo hudhaniwa kuwa cha mzee mwenyewe, kwa sehemu kubwa ni cha mtu huyu. Katika unukuzi wangu wa utenzi huu sasa kuna wasemaji wawili.

Peter Seitel, aliyerekodi hadithi za Wahaya mwishoni mwa miaka ya 1960, alikipa kitabu chake cha mwaka 1980 jina lililotokana na maneno ya wasikilizaji wa hadithi, ambao humtaka msimulizi aone ili nao wapate kuona. Kwa Wahaya, basi, anayeitikia ni mshiriki wa kazi. Kumkata pembeni kwa ajili ya usafi wa picha ni kuukata utenzi.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kurudi kwenye televisheni za chogo. Hoja yao si ya kudharauliwa: hakika mkanda wa VHS haujapata kupendeza popote kama ulivyopendeza humo, maana kioo hicho na mkanda huo vilitengenezwa kimoja kwa ajili ya kingine, na ulaini wake uliziba chenga nyingi. Lakini televisheni hizo hazitengenezwi tena, zilizobaki zinakufa, nazo, kama tulivyoona, zilikuwa wahariri pia. Kioo bapa, kikitumiwa kwa adabu, chatosha. Adabu yenyewe si ngumu. Kwa rimoti mtu huchagua uwiano wa 4 kwa 3. Huondoa mpangilio wa rangi kali uliowekwa ili kuvutia wateja dukani, hupunguza ukali wa kingo, ambao hugeuza chenga kuwa changarawe, na huzima ule ulainishaji wa mwendo unaobuni picha za katikati. Tena, hukaa mbali kidogo. Kioo cha inchi 55 kikitazamwa kwa umbali wa mita moja kitamfedhehesha yeyote aliyerekodiwa kwa VHS.

Mikanda yote haifanani, na anayekusanya mikanda vijijini atakutana na mingine iliyotumwa na ndugu walioko Marekani, ambayo ni ya NTSC, yenye mistari 525 na nusu karibu 60 kwa sekunde. Hiyo isigeuzwe kuwa PAL ati kwa kuwa sisi ni watu wa PAL. Isomwe kwa deki inayouelewa mfumo wake, ihifadhiwe kama ilivyo. Zile diski za Video CD zilizoenea hapa baada ya mikanda zina picha ya 352 kwa 288 tu, yaani robo ya hati ya PAL, na hapana la kufanya ila kuzikuza kwa upole. Filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu wa Dar es Salaam, ambazo Matthias Krings ameziandikia katika kitabu chake cha mwaka 2015, nyingi zilienea kwa mikanda iliyonakiliwa kutoka mkanda hadi mkanda. Humo picha imekwisha kuchoka, lakini usimulizi, ambao ndio mali yetu, bado wasikika. Nashangaa kwamba vyuo vyetu havikuikusanya zamani.

Niseme neno kwa ajili ya wenye mkanda. Nilipowaonyesha nakala C, walipendezwa na nyuso lakini wakauliza kwa nini kioo hakikujaa. Kwao pande nyeusi zilikuwa kama sahani iliyopakuliwa nusu. Nadhani wana haki ya kuijaza televisheni yao kama wapendavyo. Mkanda ni wao, arusi ni yao. Lakini haki hiyo ni ya sebuleni. Anayeiweka nakala iliyovutwa katika maktaba, au anayeitumia kwa tasnifu bila kusema, hana kisingizio, kwani picha iliyovutwa yaweza kurudishwa kama mtu anajua imevutwa, lakini nusu iliyotupwa hairudi.

Wala nafasi ya kusoma upya haitangoja. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari iliyoutaja mwaka 2025 kama mpaka ambao baada yake usomaji wa mikanda ya sumaku ungekuwa mgumu mno kwa hifadhi nyingi. Mwaka huo umepita. Na kwetu kuna adui wa ziada: Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2000 kwa mwaka, na mkanda uliowekwa kabatini katika unyevu huo huota ukungu mweupe kwenye kingo za gurudumu. Mkanda wa namna hiyo usitiwe kwenye deki hata kwa kujaribu. Ukungu huchafua vichwa, vichwa huchana mkanda, na deki hiyo huupeleka ukungu kwenye mkanda unaofuata.

Mkanda wa Ijumbi umerudishwa kwa wenyewe, umesimamishwa wima ndani ya kopo kavu. Faili ya nakala C iko katika diski mbili, moja Dar es Salaam na moja Muleba. Dakika 11 za mwisho hazikusomwa, kwa sababu ya ukungu. Zinangoja kusafishwa kwa mkono, sentimita kwa sentimita. Katika dakika hizo, wasema waliokuwapo, mzee alirudi na enanga yake mara ya pili.